Impreza STI ya 2004, kilomita 218,000, imepigwa rangi upya: thamani yake halali ni kiasi gani?

Mleta uzi
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nimepata Subaru Impreza WRX STI ya 2004 hapa Dar, dashibodi inasoma kilomita 218,000. Muuzaji anataka milioni 26. Dereva wa rali Richard Burns aliposhinda Safari Rally ya 2000 na Impreza nilikuwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo naipenda gari hii. Ndiyo maana sijiamini nikiwa mbele yake.

Tatizo ni rangi. Ni ile buluu ya rali, inang'aa vibaya mno, ila nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta rangi imepanda juu ya mpira, upana wa kidole. Muuzaji anasema rangi ya zamani ililiwa na jua na chumvi ya bahari. Nikapitisha sumaku kwenye boneti, haikushika kabisa. Hapo nikajua ni puti tupu, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea. Niachane nayo?

Fundi Bodi
Mkuu, la boneti lisikutishe. Boneti ya STI hiyo ni alumini, sumaku haishiki hata ikiwa mpya. Bampa nazo ni plastiki. Ipeleke sumaku kwenye milango, fenda na ubavu wa nyuma juu ya tairi, uifunge kitambaa laini usije ukakwaruza.

Napiga rangi mwaka wa kumi na tatu huu. Rangi mpya peke yake haishushi thamani, kinachoshusha ni kile ilichofunika. Toa zulia la buti, inua tairi la spea, papasa bati kwa mkono: mikunjo na alama za kuchomelea utazisikia kwenye vidole. Kisha tazama bolti za fenda na bawaba za boneti. Kona zikiwa zimechubuka, ujue spana imepita hapo. Ukipata kimashine cha kupimia unene wa rangi, ile ya kiwandani huwa kama mikroni (elfu za milimita) 100 hadi 150, penye puti nene inavuka hata 500. Ukikuta chesisi ya mbele imenyooshwa, usijadili bei, ondoka.

Dada wa Moshi
Kabla ya yote, hakikisha ni STI kweli. Namba ya chesisi ianze na GDB. GDA ni WRX ya kawaida, na wapo wanaoivalisha bawa na nembo. STI hiyo ina gia sita. Pia soma kibati chini ya boneti: buluu ya rali ni 02C. Ukikuta namba nyingine, gari imebadilishwa rangi, basi uliza kama kadi nayo imebadilishwa.

Mleta uzi
Asanteni sana. Nimerudi leo. Ni GDB, gia sita, 02C. Sumaku imeshika kote isipokuwa ubavu wa nyuma kushoto, eneo la ukubwa wa sahani. Nilipombana, muuzaji akakubali kwamba aligongwa na bodaboda. Bati la buti limenyooka.

Boksa
Basi rangi imeshajibu, twende kwenye injini, maana hela yako itaishia huko. Mimi niliinunua yangu ikisoma kilomita 96,000. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana, na mimi niliiona, nikajua kilomita zimerudishwa nyuma, lakini nikajinyamazia kwa mapenzi. Wiki ya saba beringi za konrodi zikagonga. Heri 218,000 za kweli.

Taimingi belti (mkanda unaopanga mwendo wa valvu na pistoni) ya injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo mpaka sasa ilitakiwa iwe imebadilishwa mara mbili. Dai risiti. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Nenda alfajiri bila taarifa, shika boneti iwe ya baridi, ndipo iwashwe. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mlio mzito wa kugonga unaofuata mzunguko wa injini ndio ulionifilisi mimi. Mwisho, fundi apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda zote nne. Silinda moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia kumi, kata bei ya injini nzima.

Dada wa Moshi
Naongeza: kama risiti hazipo, hesabu belti, pampu ya maji na klachi kama deni lako tayari. Milioni 26 ni bei ya gari yenye karatasi.

Mleta uzi
Nimepima na fundi wangu. Silinda tatu ziko sawa, ya nne imepungua kidogo tu. Moshi hakuna, mlio wa kugonga hakuna. Risiti ya belti hana hata moja. Nimempa ofa ya milioni 21 na nimemwonyesha hesabu zangu kwenye karatasi. Ameomba mpaka Jumamosi. Akikubali, gari itavutwa moja kwa moja hadi kwa fundi wa belti. Sitaiwasha.