Naomba ushauri: matembezi ya miguu na mwongozaji wa binafsi, Dodoma ya zamani (Stesheni, Uhindini, Majengo)

BintiMakole
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa saba napokea wageni sita: mama mzazi (miaka 71, magoti yanamsumbua), shemeji na mkewe, na vijana watatu wa sekondari. Hawataki kuzungushwa kwenye gari kuoneshwa majengo ya serikali. Wanataka kutembea taratibu kwenye Dodoma ya zamani na mtu anayeijua, sisi wenyewe tu bila kuchanganywa na kundi jingine.

Kuna kijana nimependekezewa. Anasema atatuzungusha "Dodoma yote" Ijumaa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na bei ni kwa kila kichwa. Ni sawa? Njia ipi inafaa, na nimuulize nini kabla ya kulipa?

Relini_07
Dada, hapo kuna mambo matatu ya kubadilisha: siku, saa na ukubwa wa eneo.

Ijumaa asubuhi mnaweza kutembea, lakini kuanzia saa 6 mitaa yenye misikiti inajaa na maduka mengi ya Waislamu yanafungwa kwa ajili ya swala. Ratiba ya mpaka saa 9 itakatika katikati. Chukua Alhamisi au Jumamosi. Jumapili usichague kama mnataka kuona makanisa kwa ndani, kwa sababu ibada zinafuatana.

Saa 3 ni kuchelewa. Julai Dodoma asubuhi ni baridi na upepo, lakini ikifika saa 5 jua la huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, linachoma hata kama hewa ni baridi. Watu hawahisi joto, hawanywi maji, halafu kichwa kinauma mchana. Anzeni saa 1 na nusu, mmalize saa 4 na nusu. Sweta jepesi la kuvua njiani, kofia, na maji lita moja kwa kila mtu.

Kuhusu "Dodoma yote": mkatalie kwa upole. Piga hesabu hivi. Mama mwenye magoti mabovu anatembea kilomita mbili na nusu kwa saa, na huo ni mwendo wa kwenye njia nzuri. Vituo saba vya maelezo, dakika 12 kila kimoja, ni karibu saa moja na nusu. Ongeza nusu saa ya chai na choo. Ukitaka kumaliza ndani ya saa tatu, njia yenyewe isizidi kilomita mbili na nusu. Hiyo inatosha kabisa kwa Dodoma ya zamani, maana mji wenyewe ulizaliwa pembeni ya reli na haukuenda mbali nayo kwa miaka mingi.

Mfuatano ninaoupendekeza: stesheni ya zamani, hoteli ya zamani ya reli iliyo jirani yake, mitaa ya Uhindini, makanisa mawili makuu yanayotazamana (la Anglikana lenye kuba na la Kilutheri), Nyerere Square, kisha Majengo na soko lake. Malizeni sokoni, msianzie huko. Sokoni watu wananunua vitu, na kilo tano za mizigo zikianza kubebwa saa 2 asubuhi matembezi yamekwisha.

Angalizo: wageni wakija na treni ya kisasa (SGR) kutoka Dar, watashuka stesheni mpya. Siyo ile ya kuanzia matembezi. Mwongozaji na dereva wa bajaji waambiwe wazi "stesheni ya reli ya zamani", la sivyo nusu ya kundi itasubiri sehemu moja na nusu sehemu nyingine.

KijanaWaArea_D
Mimi naona mnajisumbua. Dodoma haina mji mkongwe kama Bagamoyo au Unguja. Wapeleke Kondoa kwenye michoro ya miambani.

MwalimuWaHistoria
Ndugu, Kondoa ni hazina, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Lakini ni zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, unapitia ofisi iliyoko Kolo kupata kibali na mwongozaji, na baadhi ya mapango ni ya kupanda mlima. Kwa magoti ya mama haifai. Wawapeleke vijana siku nyingine.

Na kusema Dodoma haina cha kuonesha si kweli. Inacho, ila hakijionyeshi, ndiyo maana inahitaji mwongozaji mzuri kuliko Unguja. Unguja hata bila maelezo unaona mlango wa nakshi ukaridhika. Hapa ukikosa maelezo unaona duka la vipuri tu.

BintiMakole, mwongozaji wako apimwe kwa maswali haya, hata kwa simu:

Kwa nini mji uko hapa? Anayejua ataanza na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo misafara ya Unyamwezi ilikuwa inapita Ugogo na kulipa hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi ili ipate maji na njia. Anayeanza na kuishia kwenye hadithi ya tembo aliyezama, ile inayosimuliwa kuwa ndiyo asili ya jina Dodoma, bado hajasoma. Hadithi ni nzuri, watoto waisikie, lakini haielezi kwa nini kuna stesheni, karakana na maduka mahali hapa.

Nini kilitokea hapa wakati wa Vita vya Kwanza? Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma Julai 1916. Nafaka, ng'ombe na wapagazi vilichukuliwa na pande zote mbili, ukame ukaja juu yake, ndipo ikawa ile njaa kubwa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Hakuna jengo linaloonesha Mtunya, kwa hiyo wengi wanairuka. Mahali pazuri pa kuieleza ni pale pale stesheni, kwa sababu chakula kilichohitajika vijijini kilipita kwenye reli hiyo kwenda kwa askari.

Uhindini na Majengo vina tofauti gani? Hapa ndipo penye utamu. Miji ya ukoloni iligawanywa kwa kanuni za ujenzi: Wazungu sehemu yao yenye viwanja vipana, Wahindi mitaa ya biashara, Waafrika sehemu yao ya nyumba za gharama ndogo. Waambie vijana wasome mgawanyo huo kwa macho. Uhindini nyumba zinagusana, duka liko mbele, familia iliishi nyuma au ghorofani, na upenu unafunika njia ya miguu. Wainue macho kwenye paji la jengo juu ya mlango, ndiko wenye nyumba za namna hii walikozoea kuandika jina au mwaka. Majengo ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, mlango katikati, korido ndefu, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kuna jiko na choo. Nyumba hiyo inapangishwa chumba kimoja kimoja, na ndiyo iliyowapokea wafanyakazi wa reli na wahamiaji wa mjini kote Tanganyika.

Swali la nne ni 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa. Mpango mji wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, uliwaweka watembea kwa miguu na mabasi mbele ya magari binafsi. Mkisimama Nyerere Square mwongozaji aulizwe: mpango huo unaonekana wapi leo, na umepotea wapi? Jibu lake litakuonesha kama anaujua mji au amekariri tarehe. CDA yenyewe ilivunjwa 2017, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018.

Mama_Ratiba
Niongeze upande wa malipo na makubaliano, maana hapa ndipo ugomvi unapotokea.

Bei ya matembezi ya binafsi ipangwe kwa kundi na kwa saa, isiwe kwa kichwa. Kazi ya mwongozaji haibadiliki mkiwa wanne au saba. Kwa kichwa inaleta maana pale tu kuna kiingilio au chakula ndani yake. Muulize bei hiyo inabeba nini: maji? bajaji? kiingilio? chai yake mwenyewe? Kisichotajwa, mhesabu kwamba hakimo.

Amana isizidi nusu, iliyobaki alipwe mwisho wa matembezi. Lipa kwa simu ili jina lililosajiliwa litokee, ulilinganishe na jina la kwenye leseni. Kwa Sheria ya Utalii ya 2008 mwongoza watalii anatakiwa kuwa na leseni, hivyo kuomba kuiona siyo kumdharau. Kijana mwenye kazi yake atakutumia picha yake bila kukasirika.

Mkubaliane pia kuhusu maduka. Sema mapema: "Hatutaki kusimama dukani isipokuwa sisi tukiomba." Mwongozaji anayepata asilimia kwa muuza vinyago atakula nusu saa yenu hapo.

Na kitu ambacho wengi hawakifikirii: kelele. Mko sita na wewe saba. Mpaka watu wanane sauti ya kawaida inatosha kama mmesimama kwenye upenu au ndani ya kiwanja. Kwenye kona ya barabara yenye bajaji na daladala, kama eneo la Jamatini, hata watatu hawasikii. Mwambie maelezo marefu ayatolee mahali palipotulia, barabarani aoneshe kwa kidole tu na kusonga mbele.

Relini_07
Mama_Ratiba kasema kweli. Kuhusu kivuli: asubuhi, kwenye mtaa unaokwenda kaskazini na kusini, kivuli kiko upande wa mashariki wa barabara. Mama atembezwe upande huo. Na awe mbele pamoja na mwongozaji, asiwe nyuma. Kundi likifuata mwendo wa mzee hakuna anayepotea. Mzee akiachwa nyuma anafika kituoni wakati maelezo yanaisha, wenzake wanaondoka, yeye hapumziki hata mara moja.

Mchukulie bajaji moja ya kukodi kwa saa, isubiri Nyerere Square. Akichoka anapanda mpaka Majengo, nyinyi mnamalizia kwa miguu.

BintiMakole
Ahsanteni sana, nimepata mwanga. Bado nina maswali mawili: choo, na picha. Shemeji anapenda kupiga picha kila kitu na ana droni.

MwalimuWaHistoria
Droni ibaki nyumbani. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na kibali cha ulinzi, na hapa ni makao makuu ya nchi, uwanja wa ndege uko jirani na mjini.

Kwa kamera ya mkononi: stesheni aombwe ruhusa stesheni masta kabla ya kutoa kamera, si baada ya kukamatwa na mlinzi. Majengo ya serikali, polisi na jeshi msipige. Sokoni muulize mwenye meza, na nunueni kitu kwake. Mkitaka kuingia kwenye uwanja wa nyumba Majengo, mwongozaji awe ameongea na mwenye nyumba siku moja kabla. Kupita tu na kuchungulia uani kwa watu ni utovu wa adabu, maana uani ndiko wanakopika na kuoga.

Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010 na unaoingiza waumini wapatao 3,000, unastahili kuonwa, lakini uupangie muda wake peke yake, nje ya saa za swala. Kina mama wavae mavazi ya kufunika mikono na miguu na wabebe ushungi, wote wavue viatu. Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, muitazame kwa nje tu, maana si mahali pa wageni kujiingilia.

Mama_Ratiba
Choo: cha kwanza hotelini mwanzoni kabisa, mnunue chai hapo hapo ili iwe haki. Cha pili kwenye mgahawa karibu na Nyerere Square, kama saa 3 na nusu. Mwongozaji akitajiwa "mama ana umri wa miaka 71" asipotaja choo mwenyewe, hajazoea kutembeza wazee.

Jambo jingine la tarehe. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Wageni wakija mwanzoni kabisa mwa Julai, vyumba vinaanza kupatikana na bei hupungua. Wakiwahi wiki moja, watakuta nyumba za kulala wageni zimejaa na waongozaji wazuri wamekodiwa na wajumbe wa Bunge.

BintiMakole
Naomba mnihakikie ujumbe huu ninaotaka kumtumia yule kijana:

"Habari ndugu. Tutakuwa saba, mmoja ana miaka 71. Tunataka Jumamosi, saa 1:30 hadi 4:30 asubuhi, kuanzia stesheni ya zamani mpaka soko la Majengo. Naomba bei ya kundi zima, orodha ya vituo, na picha ya leseni."

Relini_07
Ni mzuri. Ongeza vitu viwili: "Tutapumzika wapi na choo kiko wapi?" na "Ukipata dharura nani atachukua nafasi yako?" Hilo la pili ni muhimu, kwa sababu waongozaji wa hapa wengi wana kazi nyingine, na safari ya kikazi ikitokea Ijumaa usiku unabaki na wageni sita mlangoni. Ataje jina la mbadala na namba yake, nawe umpigie siku mbili kabla.

Akijibu kwa orodha ya vituo zaidi ya tisa, mrudishie mwambie apunguze.

Mama_Ratiba
Na amana usiitume mpaka orodha hiyo ifike.