Ugaga chini ya ufizi: nautofautishaje na mpaka wa mzizi?

Mwanafunzi wa vitendo
Shikamoni wakubwa zangu. Kila nipitishapo ncha ya kifaa chini ya ufizi nahisi mkwaruzo nisioweza kuuamua: ni ugaga, yaani uchafu ulioganda ukawa mgumu kwenye jino, au ni pale tu enameli, gamba gumu la nje la jino, inapokutana na mzizi? Juzi niliandika ugaga kwenye meno manne, msimamizi wangu akaukuta kwenye moja. Mgonjwa huyohuyo ana kina cha milimita 5 kati ya ufizi na jino penye gego moja, ingawa hakutoa damu. Je, amepoteza mfupa?

Mganga wa meno
Marahaba. Kosa hilo tumelifanya wengi. Mpaka wa enameli na mzizi hulizunguka jino kwa mstari usiokatika, ilhali ugaga ni kinundu: ncha hukipanda, hukishuka, kisha hurudi kwenye uso laini. Shika kifaa kwa wepesi, kwa kuwa vidole vilivyokaza havihisi kitu. Kabla ya hapo kausha meno kwa hewa. Ugaga ulio juu ya ufizi, ambao ukilowa mate hufanana na jino lenyewe, hugeuka mweupe kama chaki, na aghalabu utauona nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, karibu na matundu ya mifereji ya mate. Eksirei isikupumbaze, maana vipande vidogo haivionyeshi.

Mtabibu wa fizi
Milimita 5 peke yake haitoshi. Kina cha kawaida ni milimita 1 hadi 3, lakini ufizi uliovimba huweza kulipanda taji la jino, ile sehemu inayoonekana mdomoni, ukafanya mfuko wa bandia, mfupa ukiwa haujaguswa. Mpaka huo unaokusumbua ndio kipimo chako: ukingo wa ufizi ukiwa milimita 3 upande wa taji kutoka hapo, mshikamano wa ufizi na jino uliopotea ni milimita 2 (5 kutoa 3); ukingo ukiwa umerudi nyuma milimita 2 kuelekea mzizi, umepotea 7 (5 kujumlisha 2). Pima sehemu sita kwa kila jino, kwa nguvu ndogo, takriban gramu 25, kwani ukikandamiza utatoa damu hata kwenye ufizi mzima. Je, mgonjwa anavuta sigara? Sigara huificha damu.

Mwanafunzi wa vitendo
Anavuta, nami nilishaandika kwamba fizi zake ni nzima. Nitaomba nimpime upya.