"Umeme na maji ndani" ya Dar: madalali na wenye nyumba mnatuona wapangaji hatujui hesabu?

Wakuu, leo nimefika mwisho. Acha niseme, mwenye kununa anune.

Natafuta chumba master (choo na bafu ndani), au chumba na sebule bei ikiwa ya kibinadamu, kuanzia Tabata mpaka Sinza. Bajeti laki mbili kwa mwezi, na nilitaka bili ziwe humo humo ili nikishalipa kodi nisisumbuane na mtu. Matangazo yamejaa: 200,000, umeme na maji ndani, fensi, geti, paving. Dalali anapokea simu kwa bashasha, "bosi wangu, hapo unaingia na begi tu."

Kwanza unatoa elfu ishirini ya kuonyeshwa. Hairudi hiyo, hata mkikuta chumba kilishachukuliwa tangu juzi. Kikiwepo, mama mwenye nyumba anaanza kukusomea masharti. Umeme wa ndani unaishia kwenye taa, feni na pasi. Una friji? Ongeza elfu thelathini kila mwezi. Jiko la umeme marufuku. Maji nayo ni ya kisima, chumvi tupu, sabuni haitoi povu, ya kupikia utanunua madumu. Kwingine wala hawakuzungushi: LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji wote, ikikata mnachangishana.

Hapo kwenye kuchangishana ndipo tunapoibiwa mchana kweupe. TANESCO, shirika la umeme, ina daraja la D1 kwa watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, ukiweka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122. Mtu mmoja mwenye taa, feni, TV na kifriji akijibana anaenea humo. Sasa weka vyumba vinane kwenye mita moja! Uniti 75 hazimalizi wiki mbili, mita inahamia daraja la kawaida, T1, uniti shilingi 292 kabla ya makato, kama 356 baada yake. Elfu kumi inayompa mwenye mita yake uniti 80 na ushee, wewe inakupa 28. Unalipa karibu mara tatu kwa sababu tu mwenye nyumba hataki kuomba mita ya pili. Na bado jamaa wa chumba cha mbele ana jokofu la kuuzia juisi na barafu, mnachanga sawasawa. Ukihoji, unaambiwa una roho mbaya.

Halafu kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye manunuzi ya LUKU. Ni ya mwenye nyumba hiyo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Jaribu kumwambia aipunguze kwenye kodi ya chumba uone atakavyokuangalia, kama umemtukania mzazi.

Sikatai, mwenye nyumba naye ana hofu yake. Akisema umeme bure, atatokea mtu afunge AC na kuiwasha kutwa. Sawa. Si aweke mita ndogo kila chumba? Kariakoo zinauzwa. Kila mtu aonekane alichotumia, ugomvi uishe. Hawataki, maana kwenye mchango usiosomeka kuna chenji yao.

Na hayo yote unalipia miezi sita mbele, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Chumba cha laki mbili, milioni moja na laki nne mezani kabla hujaingiza hata godoro! Sisi mishahara tunapokea kwa mwezi, hiyo ya miezi sita tunaitoa wapi kama si kukopa? Wa kumlalamikia hakuna. Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, tangu hapo mwenye geti ndiye mwenye sheria.

Sasa naomba msaada wa kweli. Mwenye kujua chumba master au chumba na sebule, Tabata, Kimara au Ubungo, LUKU ya kujitegemea, maji ya bomba ya DAWASA hata yakitoka kwa mgao ila simtanki liwepo, kodi isizidi laki mbili na mwenye nyumba anapokea miezi mitatu, aje PM. Nitaongea na mwenye nyumba mwenyewe.

Madalali, uzi huu pita tu.