Kujiunga na WAWATA parokia mpya: naanzia wapi?

Nimehamia mtaa mwingine. Nataka kujiunga na WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), hasa kwa huduma ya wagonjwa. Niende moja kwa moja ofisi ya parokia?

— Hapana, dada. Anzia jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwako, ndipo unapoandikwa. Kisha ngazi zinapanda: kigango (sehemu ya parokia), parokia, hadi jimbo na taifa. Njoo na barua ya utambulisho ya parokia uliyotoka.

— Kitenge usikimbilie kununua! Muulize kwanza mwenyekiti sare ipi inavaliwa.

— Kwa wagonjwa, nendeni wawili wawili, saa ambayo familia imekubali. Kosa la kawaida ni kubeba sukari bila kuuliza, kumbe mgonjwa ana kisukari. Sabuni haikosei. Michango iandikwe daftarini, na anayeandika asiwe ndiye anayeshika fedha. Mgonjwa akihitaji Komunyo, padre ajulishwe mapema.