Mtoto kanyimwa alama kwa S isiyotamkwa! Hiki Kiingereza kina wenyewe kweli?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekuja kunirekebisha Kiingereza leo hatutaelewana.

Binti yangu yuko darasa la tatu, shule moja ya Kiingereza hapa Dar. Jana karudi na daftari la imla, sita kwa kumi. Nikalifungua. Kaandika "iland", wino mwekundu. "Det", wino mwekundu. "Nife" na "Wensday", hivyo hivyo. Chini kuna ujumbe wa mzazi: mtoto asaidiwe nyumbani, hasikilizi vizuri maneno yanaposomwa.

Hasikilizi? Jamani, huyu mtoto kaponzwa na kusikiliza! Kaandika alichosomewa, sauti kwa sauti, kama anavyoandika "kisiwa" na "deni" bila kumsumbua mtu. Asiyesikiliza ni yule aliyeweka B kwenye "debt".

Nikakaa na simu mpaka saa saba usiku kumtafuta ni nani. Hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Kumbe Waingereza wa zamani walikuwa wanaandika "dette", neno walilochukua kwa Wafaransa, halina B. Baadaye wakaja wasomi wao waliokuwa wanaona fahari Kilatini, wakakumbuka kwamba kwa Kilatini deni ni debitum, wakaichomeka B ili neno lionekane limesoma. Wananchi midomo yao haikuwa na habari, wakaendelea kusema "det". P ya "receipt" ni mchezo ule ule. Sisi tumeandika risiti, na mashine inaitoa vilevile.

Sasa njooni kwenye "island". B ya "debt" angalau ina ukoo wa mbali na Kilatini, tuseme ni ndugu wa kufikia. S ya "island" haina hata huo ukoo! Ni neno lao wenyewe la asili, kwa Kiingereza cha kale "iegland", halikuwahi kuwa na S. Wakalifananisha na "isle", nalo ni kisiwa, ambalo ndilo lililotoka kwenye insula ya Kilatini, wakadhani ni watoto wa baba mmoja, wakalibandika S. Yaani wamekosea wao, miaka kama 500 iliyopita, kosa likapewa uraia. Leo mtoto wa Mbagala anaandika neno bila hiyo S ya kubambikiwa, anakatwa alama! Anaadhibiwa kwa kutokurudia kosa la mtu mwingine. Na mimi ndiye ninayelipa ada.

K ya "knife" nitaitetea kidogo, nisije nikaonekana nina chuki. Hiyo waliitamka kweli zamani, na Waswidi mpaka kesho wanasema kniv na K yake inasikika. Waingereza wakaacha kuitamka, kuiandika hawakuacha. William Caxton alileta mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476, vitabu vikaanza kugandisha maandishi wakati matamshi ya irabu zao bado yako njiani yanabadilika. Basi likaondoka, mizigo ikabaki kituoni.

Halafu angalieni aibu inavyogawanywa. Nendeni banda umiza lolote siku ya mechi. Kijana aliyeishia la saba anaitaja timu ya "Lesta" bila wasiwasi, kwa sababu kalisikia kwa mtangazaji. Mwenye digrii zake kaliona gazetini, Leicester, anasema "Leisesta", banda zima linamcheka. Aliyesoma ndiye anayekosea! Mimi mwenyewe kwenye kikao cha ofisi niliwahi kusema "debiti", bosi akacheka mpaka akavua miwani. Miaka minne sasa, bado kuna mwenzangu mmoja ananiita Debiti.

Jeshini je? Wanaandika "lieutenant", Mwingereza anatamka "leftenanti". Hiyo F waitafute wenyewe. Wanaandika "colonel", wanatamka "kenel". Sisi tukasema Luteni, tukasema Kanali, tukayaandika hivyo hivyo, na saluti zinapigwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1928 kilifanyika kikao Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia, tahajia ikiwemo. Waliokuwa wameshika usukani ni Waingereza! Yaani walikuwa wanajua kabisa kwamba neno linafaa liandikwe linavyotamkwa. Wakatunyooshea nyumba yetu, ya kwao wakaiacha na ngazi zisizofika juu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mbona na sisi tuna ng' na ng". Tunazo, ndiyo, "ng'ombe" na "ngoma" si sawa, na ile alama ya juu wengi humu mnaisahau kila siku. Lakini kanuni ni moja, unajifunza jioni moja, unalala. Nitajieni kanuni ya "though", "through", "tough" na "cough", "ough" ile ile, kila neno na sauti yake. Nasubiri.

Na msiniambie "ongea naye Kiingereza nyumbani". Ataongea vizuri tu, tatizo lipo kwenye kuandika alichoongea.

Ijumaa kuna imla nyingine, maneno yametumwa kwenye grupu la wazazi. La kwanza ni "knee". Kaniuliza, "Baba, hii K nayo ya kazi gani?" Nimemwambia aiandike tu.