Watuhumiwa wa ugaidi: mahakama ya kijeshi au ya kiraia?

Wadau, wanaotetea mahakama za kijeshi wana jina moja wanalolipenda: Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania aliyeshtakiwa kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Alishtakiwa kwa makosa zaidi ya 280 katika mahakama ya kiraia mjini New York, na mwaka 2010 akatiwa hatiani kwa moja tu. Basi wanatucheka sisi tunaotetea mahakama za kiraia: mmeona mahakama zenu?

Malizieni hadithi. Kosa hilo moja, kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali, lilimpa kifungo cha maisha. Ni kweli jaji alimkataa shahidi muhimu, lakini shahidi huyo alijulikana kupitia maneno aliyoyatoa Ghailani kwa kushurutishwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Aliyeharibu kesi ni jaji au waliomhoji?

Sasa twende Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kisiwani Cuba. Khalid Sheikh Mohammed, anayedaiwa kupanga mashambulio ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, alikamatwa 2003. CIA walimtesa kwa maji mara 183. Tume ya kijeshi, yaani mahakama ya kijeshi ya huko, ilimsomea mashtaka 2008, yakaondolewa, akasomewa upya 2012. Tangu hapo ni mapingamizi juu ya mapingamizi, mengi yakihusu mateso yaleyale. Miaka 20 baada ya mashambulio, kesi yenyewe ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Magwanda hayasafishi ushahidi. Na wanaodhani wanajeshi hutoa adhabu kali wamkumbuke Salim Hamdan, dereva wa Osama bin Laden: walimpa miaka mitano na nusu, na kwa kuwa sehemu kubwa alishaitumikia, miezi michache baadaye alikuwa kwao Yemen.

Nakubali jambo moja: mtu aliyekamatwa vitani hana polisi wa kumsomea haki zake, na kukusanya vielelezo katikati ya risasi si mchezo.

Lakini kinachonikera zaidi kiko upande wangu. Jaji huyohuyo wa Ghailani aliandika kwamba hata akiachiwa na mahakama, huenda serikali ingeendelea kumshikilia kama mpiganaji adui hadi vita viishe. Yaani akishinda, harudi nyumbani. Wenzangu wa mahakama ya kiraia, tunalijibuje hilo?