Uduvi wa mapambo Mbeya: tuwaachie wale mwani, au tunajiletea sangara mwingine?

Mtoa mada, Mbeya mjini

Wakuu, tangu uduvi wekundu waanze kuuzwa huku mmoja mmoja kama mayai, kila mwenye tangi la samaki wa mapambo anaambiwa vilevile: kioo kikiota mwani, ule ukijani wa majini, tia uduvi ulale. Mimi nimetia, na usingizi sikuupata.

Tangi langu ni la lita 60, lina majani ya kutosha na samaki wadogo wanane. Lilipoanza kuota nyuzi za kijani nikanunua uduvi 15. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Uduvi anasimama juu ya jani, vikono vya mbele vinachapa kazi kama mama anayechambua mchele kwenye ungo, hiki kinashuka, hiki kinapanda mdomoni, hakuna kupumzika. Niliwahi kuchelewa kazini kwa kuwakodolea macho. Wiki ya tatu nikaona wote wamehamia kona ninayomwagia chakula cha samaki. Nani ahangaike na nyuzi wakati ugali umeshapakuliwa?

Mwani ulikuja kuondoka kwa njia nyingine. Taa nilikuwa naiwasha saa 12 kwa siku, nikaishusha hadi 7. Chakula mara moja tu, na kidogo. Kila Jumapili nabadilisha theluthi ya maji. Zile nyuzi nikazizungushia kwenye mswaki wa zamani, zikatoka kama tambi. Baada ya hapo ndipo uduvi wakawa na maana, kwa sababu walichobakiwa nacho ni machipukizi laini, na hayo kweli hawayaachi.

Lakini nilichotaka tubishanie ni hiki. Kuna uduvi wa aina mbili wanaosifiwa. Mmoja ni Amano, *Caridina multidentata*, aliyepata umaarufu miaka ya 1980 kupitia Takashi Amano, Mjapani mpiga picha na mtengenezaji wa matangi ya majani. Huyu anabeba mayai hata kwenye maji yasiyo na chumvi, ila vichanga vyake haviwezi kukua bila maji ya chumvi. Mwingine ni hawa wekundu, *Neocaridina davidi*, asili yao China na Taiwan. Hawa wanazaana ndani ya ndoo.

Sasa tazameni tulipokaa. Mkoa wetu uko kama paa la nyumba. Mvua ya upande wa Rungwe inashuka na Kiwira hadi Ziwa Nyasa, ya upande mwingine inakwenda Rukwa, na ya upande wa Usangu inaingia Ruaha Mkuu hadi Rufiji. Mtu mmoja akichoka na tangi lake akalimwaga mtaroni, hajui amemwaga kwenye bonde la nani. Nyasa ina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani kwingine duniani. Nasema wekundu wapigwe marufuku nyanda za juu zote. Anayetaka uduvi aletewe Amano, kwa kibali, basi.

Mfugaji, Uyole

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao wanaouza mmoja mmoja kama mayai, kwa hiyo niruhusu nijitetee.

Huyo Amano unayemsifia hazaliwi Mbeya. Kila kichwa lazima kitoke nje, kisafirishwe ndani ya mfuko wa nailoni kuvuka bahari, kifike hapa kimechoka. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, na vibali vinajulikana njia yake. Nani atakayekaa foleni ya kibali kwa ajili ya uduvi kumi? Marufuku yako itawaacha wenye hela na Amano wao, sisi wa pipa lililokatwa nusu tufunge. Jike mmoja wa kwangu anabeba mayai 20 au 30, baada ya wiki tatu hivi au nne vichanga vinatoka vikiwa uduvi kamili. Ada ya mwanangu imepita humo.

Halafu hili la sangara. Sangara ni samaki wa kufika kilo mia, kaingia Ziwa Victoria kawameza furu, samaki wadogo wa humo. Uduvi wangu anamla nani? Yeye ndiye kitoweo. Na si kila mgeni alileta msiba: dagaa wa Tanganyika walipelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968, leo watu wa Zambia na Zimbabwe wanakula kapenta. Kuhusu wekundu kuishi mtoni, nakubali wamekutwa Ujerumani kwenye kijito cha Gillbach, lakini kile kinapashwa joto na maji ya mtambo wa umeme. Mwezi wa saba huku Uyole wa kwangu wanaganda kwa baridi, hawazai kabisa.

Mchangiaji, Iringa

Kamwene. Mnagombea sheria, mimi nina kesi ya jirani yangu hapa Kihesa. Alisikia majani ya tangini yanataka mbolea, akachimbia DAP chini ya changarawe. DAP ile ile ya mahindi! Siku ya nne maji ya kijani kama supu ya mchicha, samaki wanahema juu. Mimi nilipoitwa alikuwa ameshatia uduvi 20 "wale huo ukijani". Wote walikufa kabla ya Ijumaa, maana mbolea ile inatoa amonia. Na hata wangepona wasingeweza, maji ya kijani ni mwani unaoelea, mdogo mno kwa vikono vyao.

Muuzaji aseme hayo kabla ya kupokea hela. Madoa magumu ya kijani kwenye kioo hawayawezi, hayo ni ya kukwangua na kadi ya zamani ya benki. Mwani mweusi unaofanana na ndevu wanauonja na kuuacha. Ule utando wa bluu-kijani unaonuka si mwani hata kidogo, ni bakteria, hawaugusi. Kwa hiyo tunapigania marufuku ya dawa ambayo nusu ya magonjwa haitibu.

Mchangiaji, Tukuyu

Ndaga mzee wa Iringa. Naongeza shaba. Huku kwetu kahawa inapigwa dawa ya shaba ile ya bluu. Mimi mwenyewe nilitoka shambani, nikanawa kwa haraka, nikaingiza mkono tangini kunyanyua jiwe. Kesho yake uduvi tisa chali. Na wapo wanaoshauri mrututu, nao ni shaba vilevile, kuua mwani: unaua, na kila uduvi unaondoka nao.

Jambo jingine, tunatumia maji ya mvua na ni laini sana. Uduvi akikosa chokaa anakwama katikati ya kujivua gamba (sisemi siasa) na hafiki asubuhi. Ganda la yai lililopondwa limenisaidia.

Swali langu: mbona tunabishania Wachina na Wajapani wakati Ziwa Victoria limejaa uduvi wetu, *Caridina nilotica*, wale wanaonaswa pamoja na dagaa? Tulete hao, mjadala uishe.

Mtoa mada

Mkuu wa Tukuyu, wa Victoria akiletwa Nyasa ni mgeni vilevile. Ziwa halina pasipoti, na yeye hana habari kwamba bendera ni moja. Ningeona tofauti kama angekuwa wa mto huohuo unaopita nyuma ya nyumba yako.

Mfugaji wa Uyole, hoja ya ada imenigusa na sitaifanyia mzaha. Ya Gillbach lakini umeniletea mwenyewe. Ni kweli kule wanapashiwa maji. Uyole kuna baridi, sawa. Je, Kyela? Kule maji hayahitaji mtambo, na mto unaoanzia kwenye baridi yetu unaishia kwenye joto lile. Tena woga wangu si kwamba uduvi atamla mtu. Mara nyingi anakuja na vijinyoo vyeupe vya *Scutariella* vimejishika kichwani, vya Asia kama yeye, na mwenyeji hajawahi kuvijua.

Kwa hiyo nalegeza nusu. Marufuku naiondoa kwenu mnaofuga, ila maji ya pipa yamwagwe shambani, kwenye udongo, mbali na mtaro, na uduvi ambaye mnunuzi amemchoka mumpokee tena pipani bila maswali. Ukikubali hilo la pili nitaliandika ubaoni kwako kwa mkono wangu. Jumamosi napita Uyole na ndoo. Nina wekundu 40 sasa, walikuwa 15.

Mfugaji, Uyole

Lete. Ila unawe mikono kwanza, naona mmeanza kuniogopesha na shaba.